Waya wa mashine ya kukaushia nguo za mapacha

Leo nimeichomoa mashine mpya mbele ya mkamwana wangu, naye akaninunia hadi alasiri.

Tangu ajifungue mapacha, mvua haikatiki. Nguo hazikauki, na hapa Lubumbashi mtoto mchanga havishwi nguo mbichi. Inzi hutaga mayai humo, kisha funza huingia kwenye ngozi.

Mwanangu alileta mashine ndogo ya kukaushia kutoka Kasumbalesa. Akaichomeka kwenye rallonge ya televisheni, waya wa kurefushia umeme, mwembamba kabisa, akaenda kazini.

Niliushika waya ule. Ulikuwa na joto hata unalainika.

Nikachomoa.

"Papa, batoto batavala nini sasa?" mkamwana akaniuliza.

"Wavae fulana zangu."

"Fulana ya Papa? Bote babili bataingia mu mukono moja!"

Hakucheka. (Mimi nilicheka, lakini chumbani.)

Nilisoma nguvu ya mashine kwenye kibandiko chake, nikaenda sokoni na mvua ile. Nikanunua waya mnene wenye nyaya tatu ndani, mmoja ukiwa wa ardhi. Fundi wa umeme akaufunga kwenye soketi yake peke yake.

Mkamwana akabonyeza. Kimya.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima!

"Papa alishinda, batavala fulana zako," akasema, na safari hii alicheka.

Umeme ulirudi jioni. Mashine ikazunguka, nami nikakaa nimeshika waya. Baridi.

Sasa mapacha wamelala, wamevaa nguo kavu.

Ndugu zangu, shikeni rallonge zenu sasa hivi. Niambieni mmekuta nini.