Furungu za Mama Yao

Mzee Abdulsamad, sonara wa Wete, hakuwa mtu wa dhahabu. Dhahabu, alikuwa akisema, yapendwa na kila mwenye macho. Fedha ya kale yataka anayeijua. Waliomjia kutaka kukusanya mapambo ya zamani aliwaonya: msiisugue ikang'aa, weusi ule ndio umri wake. Tazameni upande wa ndani, palipoliwa na ngozi ya mvaaji; nakshi huigizwa, kulika hakuigizwi. Na jozi msiitenganishe abadan.

Asubuhi moja waliingia ndugu wawili kutoka Wambaa, Ishak na dada yake Time, waliofiwa na mama yao. Time akafungua kitambaa, zikatoka furungu mbili, zile bangili nene za miguuni. Mzee akazigeuza, akasahau hata kuwakaribisha viti. Miaka arubaini ya kazi hajapata kuona fedha iliyosukwa namna ile, mfano wa ukili wa mkeka.

"Tuyeyushie, mzee," alisema Ishak. "Twagawa mirathi. Mie mafungu mawili, dada fungu moja."

"Ziuzeni kama zilivyo, mgawane thamani. Mtu wa kuzitunza nitawatafutia."

"Kitu cha mama hakendi kwa mgeni," Time alidakia.

"Basi kaeni nazo kwa zamu, wanangu."

"Akizichukua huyu, sizioni tena," alisema Time, na Ishak akasema vivyo hivyo juu yake. Kumbe tangu kumalizika arubaini ya mama yao hawajala sahani moja.

Mzee akazigeuza tena. Kuzinunua hawezi, hawauzi. Akikataa, watakwenda kwa mwingine asiyejua hata kuzitazama. Mali ni yao, na mafungu yao ni ya sheria. Akaomba azipige picha kwa simu. Picha ikatoka ukungu. Ishak akamhimiza.

Mzee akawasha moto wa gesi. Ule ukili ukalegea, ukazama, pakabaki tone kubwa jeupe likitikisika. Akalimimina, likapoa, akalikata vipande vitatu sawasawa, akavipima. Ishak akachukua viwili, akashukuru, akatoka.

Time alibaki amekishika chake, bado kina uvuguvugu.

"Mzee, nikipata fedha nyingine nikaongeza, waweza kunitengenezea zile zile?"

"Siwezi, mwanangu. Na anayeweza simjui."

Time akakifunga kipande katika pembe ya kanga yake, akakaa pale kizingitini kwa muda, hataki kumfuata kaka yake wala kwenda peke yake.