Kozi wa Kipupwe Kimoja

Siku yangu ya kwanza kazini kwa tajiri mmoja wa Kiarabu, mtaa wa Mirdif, nilidhani nitapewa ufagio. Mkuu wa wafuga kozi, mzee wa Kibedui, alinivisha glavu ya ngozi, akaniwekea kozi, ndege wa kuwindia, mkononi, akaniketisha barazani kati ya wageni wanaokunywa kahawa.

"Mtu wa karafuu, usitikisike. Kozi hafugwi kwa fimbo, hufugwa kwa kuzoea watu."

"Mpaka lini, ammi?"

"Mpaka achoke kukuogopa. Au uchoke wewe. Yalla, kaa."

Nilikaa mpaka mkono ukafa ganzi. Ndege alikuwa amevikwa burku, kofia ndogo ya ngozi inayomziba macho ili atulie.

Nilipozoea, mkuu alinifundisha asili ya mchezo wenyewe. Kabla ya mafuta na magari, masheikh waliwinda kwa fahari, Mabedui waliwinda kwa kitoweo. Tajiri aliweza kumweka kozi kivulini na kumlisha kiangazi kizima, anaponyonyoka manyoya na kuotesha mapya. Fukara angetoa wapi nyama ya ndege, na watoto wake wanashindia tende? Basi alimnasa baridi ikianza, akamfunza upesi, akawinda naye, na joto lilipoingia akamwachia aende zake. Uhaba huo ndio uliowafanya mafundi. Hata masheikh, wakitoka kuwinda, waliwaweka Mabedui ubavuni mwao. Mola humpa kila mja fungu lake.

Mkuu alipotaka kustaafu, arbab, yaani tajiri wetu, alimuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Akaomba kozi aliyemfunza mwisho aachiwe huru, kama desturi ya baba yake.

"Huyu? Bingwa wangu?" arbab akamaka. "Omba gari!"

"Gari nitalilisha nini, arbab? Nalo halili tende."

Arbab akacheka, kisha akainuka. "Khalas. Twendeni."

Jangwani, asubuhi, nikamvua ndege burku. Akapaa, akazunguka, halafu akarudi akitafuta mkono wa kutua. Mzee akaficha mikono yake nyuma. Arbab akamtazama, naye akaficha yake, nami nikauficha wangu wa glavu. Wakasimama hivyo, tajiri na fukara, mpaka ndege akawa nukta, kisha ikabaki mbingu tupu.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Al Nahda na wanangu, alhamdulillahi. Kila kipupwe kikiingia, mtoto wa arbab hunipigia simu: "Ammi, rudi, ndege wapya wamefika."

Namwombea heri, namwambia awaketishe barazani na watu. Na mkono wangu wa glavu huwa nimeuficha nyuma ya mgongo.