Mguu wa Kulia wa Mwalimu Breki

Mwalimu wa udereva wa mtaani kwetu tunamwita Breki. Jina lake halisi analijua yeye na askari wa trafiki. Gari lake la mafunzo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wake yeye, na ile ya kwake imeshabadilishwa mpira wa kukanyagia mara tano. Ya mwanafunzi bado ina mpira iliotoka nao kiwandani.

Miaka ishirini na miwili hajagongesha gari. Ila mguu wake wa kulia haujui likizo. Akikaa kwa kinyozi, unakanyaga. Akitazama mpira, mchezaji akichomoka mbio kuelekea golini, unakanyaga. Mkewe husema hata usingizini unakanyaga, na anayekanyagwa anajulikana.

Mkewe huyo, Mama Pacha, ni fundi wa sare za shule, na amechoka kumsubiri dereva wa kukodi kila akitaka kupeleka mzigo. Kwa hiyo alianza kujifunza gari kwa mumewe. Watu wengine hufika pale mikono ikiwatetemeka, na baada ya wiki sita Mwalimu anawatilia saini waende kwenye mtihani. Mama Pacha alikuwa ameingia mwaka wa pili. Kila akiuliza, anajibiwa, "Bado kidogo." Kidogo hicho, kingekuwa mtoto, kingekuwa kimeshaanza kutembea.

Basi mapacha wao, ambao sasa wana kazi zao mbali, wakawalipia wazee wao siku mbili za kupumzika pwani, wakaone vitoto vya kasa vikitoka mchangani. Mama Pacha akaiona nafasi yake.

"Naendesha mimi," akasema. "Usipogusa breki yako mpaka tufike, utanitilia saini. Ukigusa hata mara moja, Jumatatu naenda kwa Bibi Klachi."

Bibi Klachi ni mjane mtulivu mwenye shule ya udereva upande wa pili wa barabara, mlango wake ukitazamana na wa Breki. Huyo hufundisha huku anafuma sweta. Sasa fikiria mwenyewe: mke wa Breki aonekane kwenye gari la Bibi Klachi, mtaa mzima ukitazama. Breki akakubali haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Safari ilikuwa ya saa mbili. Saa moja na dakika hamsini alijikaza kiume. Alivua kiatu cha kulia akakitupa kiti cha nyuma, utadhani kosa lilikuwa la kiatu. Yakapita malori, ikapita baiskeli iliyobeba godoro, ikapita kona ile mbaya yenye daraja. Jasho lilimtoka lakini mguu ulitulia. Kisha, bahari imeshaanza kuchungulia kule mbele, akatokea mbuzi.

Gari likasimama kwa kishindo. Mama Pacha akautazama mguu wake mwenyewe, uko kwenye mafuta. Akautazama wa mumewe.

"Umemwona yule mbuzi?" Breki akauliza.

"Amefungwa kamba, Baba Pacha."

"Kamba hukatika."

"Tena amelala."

"Mbuzi ana tabia ya kuamka ghafla."

Mama Pacha akawasha gari upya. "Jumatatu," akasema, na hilo ndilo neno pekee alilosema mpaka wakafika.

Saa kumi na moja jioni walikuwa ufukweni na wageni wengine kumi hivi. Dada mmoja mlinzi wa kasa alikuwa ametandaza kamba mbili kutoka kwenye kiota hadi majini, kama njia, akawapanga watu pembeni.

"Sheria ni tatu," akasema. "Hakuna kuwagusa. Wanatembea wenyewe, ndiyo miguu inapata nguvu. Hakuna kusogea sogea. Na sawazisheni nyayo zenu. Kwenu nyinyi ni alama tu, kwao ni korongo."

Mchanga ukaanza kuchemka. Kikatoka kichwa, likatoka pezi, mara vikamiminika, kila kimoja kama kisanduku cha kiberiti kilichofufuka, vikipiga mchanga kwa mapezi na kukanyagana migongoni.

"Hawaachiani nafasi," Breki akanong'ona. "Huyo anamfuata mwenzake karibu mno. Wa mbele akisimama je?"

"Hawana gari, Baba Pacha."

"Na yule anahama njia bila kuonyesha ishara."

Mgeni mmoja wa jirani akacheka. Mama Pacha hakucheka. Kaa akitokeza, mguu wa Breki ukakanyaga. Ndege akipita juu, ukakanyaga. Wimbi likija kubwa, ukakanyaga na kushikilia. Kitoto cha thelathini kilipopita, mguu ulikuwa umezama mchangani mpaka juu ya kifundo, na mwenyewe hana habari. Ganzi ilipomshika, akauchomoa. Kitoto kimoja kilichokuwa kimepotea njia na kupita chini ya kamba kikatumbukia mle mle shimoni.

Breki akainama, mikono mbele.

"Mzee, mikono," akasema dada mlinzi.

"Lakini shimo nimechimba mimi."

"Najua. Nilikuwa nakutazama, nikadhani unakanyaga cherehani."

"Sasa nimwache afie humu?"

"Usimguse yeye. Gusa shimo. Vunja ukingo wa mbele, kwa kidole, polepole, apate mteremko."

Breki akapiga magoti, tumbo likagusa mchanga. Akavunja ukingo kidogo kidogo. Kitoto kikapanda, mchanga ukaporomoka, kikarudi chini chali. Kikajipindua, kikapanda tena. Breki akafungua mdomo.

"Nyamaza," Mama Pacha akamwambia. "Anajua."

"Anakata kona vibaya."

"Ndivyo anavyojifunza."

Akanyamaza. Nakuambia, mtu yule hakuwahi kunyamaza mbele ya anayejifunza tangu apate cheti chake. Mara ya nne kitoto kikashika ukingo, kikaning'inia, kikavuka. Kikasimama kidogo, kama kinachosoma kibao cha barabarani, kisha kikashika njia ya bahari. Wimbi la kwanza likakirudisha. La pili likakichukua, na hakikuonekana tena.

Breki alibaki amepiga magoti, anafukia shimo na kulisawazisha kwa viganja kama mtu anayetandika kitanda.

"Mama Pacha," akasema, "hiyo Jumatatu."

"Usianze kunibembeleza."

"Sibembelezi. Ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nitakupeleka."

"Unipeleke wapi? Ni kuvuka barabara tu."

"Basi nitakuvusha."

Hapo ndipo Mama Pacha alipocheka, mpaka akaegemea bega lake.

Jumatatu saa tatu kasorobo tulimwona Breki akitoka ofisini na mkewe, amemshika mkono. Kinyozi alisimamisha mashine kichwani kwa mteja. Breki akatazama kulia, kushoto, kulia tena, akamvusha, akamkabidhi.

"Mfundishe," akamwambia Bibi Klachi. "Kwangu imeshindikana."

Bibi Klachi akaweka sweta lake kapuni, akaingia garini na Mama Pacha, wakapotelea kwenye kona. Breki hakurudi ofisini. Alisimama pale pale kibarazani kwa mshindani wake, sisi tukijifanya tuna shughuli.

Baada ya nusu saa gari likarudi, likasimama taratibu sawasawa na mstari. Mama Pacha akashuka anatabasamu peke yake. Bibi Klachi akashuka akiwa hajafuma hata mshono mmoja.

"Shemeji," akasema, "huyu nimfundishe nini? Anajua kona, anajua gia, anarudi nyuma vizuri kuliko mimi. Namwandikisha mtihani wa Alhamisi. Miaka yote hiyo mlikuwa mnafanya nini humo ndani?"

Breki akafikiri kwa dhati kabisa.

"Tulikuwa tunasimama," akasema.