Fahali wa Baba Kule Genkuru

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize. Haya sikuhadithiwa. Niliyaona jioni, jua bado linawaka, na wifi yangu Rhobi amenishika mkono.

Mimi ni mkulima wa Susuni. Mdogo wangu Marwa, mume wa Rhobi, alijenga Turwa, mjini, akapata hela ya dhahabu na marafiki wakubwa. Unawajua watu hao. Jumapili wanakaa benchi la mbele kanisani, na mama yetu akimwaga pombe kidogo chini kuwakumbuka marehemu, wanamwita mshenzi. Kumbe na wao wana ya kwao! Mkubwa wao, mnunuzi wa dhahabu aliyesoma Ulaya, aliwafundisha siri za waheshimiwa wa Roma ya kale. Kule, alisema, seneta alishushwa shimoni, zikapangwa juu yake mbao zenye matundu, fahali akachinjiwa hapo, na aliyeoga ile damu alitoka amezaliwa upya. Basi mama yangu ni mshenzi, lakini hiyo ni elimu. Hasira inanipanda hata sasa.

Zamu ya Marwa ikafika. Akaambiwa alete fahali asiye na doa. Wa namna hiyo alikuwa mmoja tu zizini kwetu, mweupe mwili mzima, naye alikuwa wa baba. Baba alipofariki, wazee walimtenga yule fahali akae kwa jina lake. Hauzwi wala hachinjwi, hata tukilala njaa. Marwa alijua. Alimpakia kwenye lori mimi nikiwa shambani.

Nilimpigia Rhobi, akalia kwenye simu na kunieleza yote, siri aliyokuwa ametishwa asiiseme. Tukapanda bodaboda hadi Genkuru, kwenye shamba la yule mkubwa, lenye shimo la zamani la wachimbaji. Mlinzi alimjua Rhobi, akatufungulia. Tulichelewa. Fahali alikuwa ameshachinjwa juu ya mbao, Marwa yuko chini shimoni, na wanaume wazima, wamejifunga mashuka meupe kama wagonjwa waliotoroka wodini, wanaimba kwa lugha wasiyoijua.

Nilipiga kelele, "Huyo ni ng'ombe wa baba!"

Yule mkubwa akanijibu bila hata kugeuka, "Mama, tulia. Hapa hakuna ng'ombe wa mtu."

Wakaondoa mbao. Marwa akapanda ngazi, mwekundu toka kichwani hadi miguuni, nao wakampigia magoti. Akawatazama kama watu waliokanyaga mazao yake. Kisha akaniona mimi, akakohoa kidogo kwanza, kama baba alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema. Na niamini, sauti iliyotoka ilikuwa ya baba.

"Mama," akaniita, "ng'ombe wamekunywa maji?"

Mimi nina jina la bibi, mama yake baba. Duniani mtu mmoja tu aliniita mama kwa sababu hiyo, na tulishamzika. Ungejibu nini wewe? Nilisema, "Shikamoo." Ilinitoka yenyewe, kwa mdogo wangu niliyembeba mgongoni.

Utaniambia alikuwa anaigiza. Basi sikiliza. Rhobi alimkimbilia akamshika mkono, naye akaruka nyuma, akageuza uso, amejawa na aibu ya kweli. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hata kutazamana ni mwiko.

Akaniuliza, "Mbona mke wa mwanangu ananifanyia hivi mbele za watu?"

Wale waheshimiwa wakapiga makofi. Eti imefanikiwa, amezaliwa upya!

Marwa hajarudi hadi leo. Huyo aliyetoka shimoni anakaa Susuni, kwenye nyumba ya baba, na kila asubuhi anahesabu ng'ombe. Mama hawezi kumtazama, amehamia kwangu. Wazee walikuja, wakasema kwa damu iliyomwagwa vile hawana la kufanya. Mchungaji aliomba mpaka akachoka. Mimi nikamfuata yule mkubwa ofisini kwake, akaniambia nishukuru, kwamba ni heshima kwa familia. Heshima! Yeye jioni anarudi nyumbani, mke anamfungulia mlango, watoto wanamwita baba na anaitika. Kama ni heshima, kwa nini hakumshusha mwanawe mwenyewe?

Kwa hiyo wewe unayeitwa na wakubwa, ukaambiwa jambo ni la siri na limetoka kwa watawala wa mbali, kataa. Kimbia hata bila viatu. Na ukiona nakutisha bure, muulize Rhobi. Juzi alijifungua mtoto wa kiume, akamleta Susuni kwa baba yake. Yule mtu alimpokea vizuri, akampakata, akambariki, kisha akamwambia Rhobi huku ameangalia ukutani:

"Ahsante, mkwe. Marwa akirudi nitamwambia."