Alituacha Mtoni

Madamu ninayemhudumia kule Uccle, mtaa wa Brussels, ana miaka themanini na kitu, na ulimi wa pilipili. Mwaka wa tatu sasa namwogesha, namlisha, na bado ananiuliza kama nimenawa mikono. Nami humjibu. Hatupendani, ila tumezoeana.

Baba yake alikuwa Mwingereza, kapteni wa askari wa miguu, aliyeongoza watu wetu wa Afrika Mashariki kule Burma na kufia huko, Madamu akiwa bado tumboni. Nilijua mapema kwamba kuna jambo, maana mimi ndiye nifutaye vumbi: ukuta mzima ni jamaa za marehemu mumewe, Wabelgiji na masharubu yao. Baba hayupo.

Juzi mvua ilitufungia ndani, akanituma nimletee bahasha ya droo ya chini. Ndani yake mlikuwa na barua ya Kiswahili, askari aliyekuwa akimtumikia kapteni amemwandikia mjane wake, mama yake Madamu. Madamu akasema zamani padri mmoja aliyewahi kukaa Kongo aliwafasiria: kapteni aliwaacha mtoni, wao wakavuka, na wanaomba radhi sana. Jeshi lilikuwa limesema kafa kishujaa. Mama mtu akaamini kafa akikimbia, kawatelekeza watu wake. Akachoma picha zote, akamlea mtoto kwa aibu. Sasa Madamu alitaka kujua kabla hajafa: baba yake alikuwa mwoga, au la?

Nikasoma kwa sauti: "Memsabu, salamu. Bwana Kapteni alituacha mtoni, asubuhi. Sisi tulivuka. Poleni sana."

Jamani, padri yule! Mtu anakaa Kongo miaka nenda rudi, anakula kuku wa watu, halafu hajui kwamba kifo hakitajwi kavukavu. Nikamweleza Madamu kwamba neno ni hilohilo la kutelekeza, ila kwetu aliyefariki pia ametuacha, ametutoka. Na "poleni" siyo kuomba radhi, ndivyo anavyoambiwa mfiwa.

"Hakukimbia, Madamu. Alikufa."

Hakulia. Alinitazama kama nimemwibia kijiko. Akasema kwamba maisha yake yote amemchukia mtu kwa sababu ya neno moja, na sasa mimi nabahatisha tu, kwani nimekiri mwenyewe kuwa neno lina maana mbili. Nina hakika gani?

Hasira zikanipanda, nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa Brussels. Baba yangu alishatuacha mara mbili, kwa maana ile ya padri, akaenda kwa wanawake. Halafu siku moja niko stesheni ya Gare du Nord, nakimbilia treni, mama akapiga simu kutoka Kigoma: "Mwanangu, baba yako ametuacha." Mimi siyo padri. Nimenyonya Kiswahili pamoja na maziwa, na sauti ya mama naijua hata akikohoa. Siku ile sikuisikiliza. Nikajibu la kujibu, nikakata simu, nikapanda treni yangu. Walimzika kesho yake, na habari nilizipata kwa shangazi. Mama hapokei simu yangu mpaka leo.

Madamu akauliza nilimjibu nini mama yangu.

"Nilimwambia, 'Aende tu. Akichoka atarudi.'"