Mchimba Kaburi Aliyebaki Ukingoni

"Bahari imekula kanisa, imekula shule, imekula mpaka choo cha Borrett," Dorcas Thirkettle alitangaza Krismasi ile, baa nzima ikimsikia. "Lakini Alban wangu haimgusi. Na mimi nitalala ubavuni mwake, pale pale."

"Basi jifunze kuogelea, bibi," alisema Borrett, mwenye baa.

Dorcas alicheka kuliko wote. Wiki hiyo kasisi alikuwa amepita nyumba kwa nyumba: makaburi yenye majina yaliyobaki ukingoni mwa bahari yangehamishiwa ng'ambo ya barabara, bure. Wote walikubali. Dorcas alimfungia mlango. Marehemu mumewe, Alban, ndiye aliyekuwa mchimba makaburi wa kijiji, na kaburi lake alijichimbia mwenyewe akiwa mzima, upana wa watu wawili. Kumfukua kulikuwa kuitukana kazi yake.

Wenzake wakahamishwa, Alban akabaki na wale wa kale wasiojulikana. Kila asubuhi Dorcas alimpelekea chai ya chupa, akainywa yeye. Upepo ukivuma kutoka baharini alikisikia kikohozi cha Alban, kile cha mvuta kiko.

"Unakohoa nini na umeshakufa?" alimwambia. Kikohozi hakikukoma.

Februari dhoruba ilikata ukingo kama keki. Kulipokucha kijiji kizima kilishuka ufukweni na ndoo za samaki, kama ilivyo desturi: mifupa inaokotwa, inatiwa katika sanduku moja, inazikwa ng'ambo. Hakuna anayeuliza nani ni nani.

Dorcas aliuliza.

"Borrett, huyo uliyembeba ni Alban?"

Borrett, mtu wa mizaha, aliinamia ndoo yake. "Bibi, hatuulizi."

"Ninauliza mimi."

"Labda yumo. Labda kaondoka na maji."

Sanduku likazikwa, kasisi akaomba, watu wakaenda kunywa. Dorcas alibaki, akatega sikio kwenye udongo mbichi. Kimya. Kisha kikohozi kikaja, kile kile, ila nyuma yake, upande wa bahari, kule ambako sasa hakuna ardhi.

Hakugeuka, kana kwamba hakusikia. Alimfuata kasisi kwenye gari lake.

"Nataka kulala ubavuni mwa sanduku."

"Dorcas, hatuna hakika kama yumo."

"Ninakuuliza bei."

Kasisi akawasha gari, akazima tena. Wa kuhamishwa walikuwa bure. Nafasi mpya ya mtu mmoja ilikuwa pauni mia tisa.