Mkwamba na Ushuhuda wa Mwalimu Raheli

Juzi mafundi waliokuwa wakichimba msingi kwa jirani yangu hapa Chanika walikata mzizi wa mkwamba. Harufu yake, ya udongo mbichi na uchungu kidogo, ilivuka ua ikanikuta nikichambua mchicha, nikasimama kama niliyeitwa.

Bibi aliyenilea alikuwa akichimba mizizi ya kichaka hicho kandokando ya msitu. Aliomba kwanza, akachimba upande mmoja tu, kisha akafukia. "Aliyekupa dawa usimwache na kidonda," alisema. Mimi nilikuwa nimekwisha kula vitunda vyake vyeupe mpaka midomo inanata.

Mwalimu Raheli, aliyetufundisha Shule ya Jumapili, hakuwa na mtoto, na mama mkwe wake alishaanza kusema arudishwe kwao. Nilimpenda kuliko shangazi zangu. Mimi ndiye niliyempelekea dawa ya Bibi, chupa nimeifunga kwenye khanga. Alinipa kashata, akaninong'oneza, "Iwe siri yetu, eti mwanangu?" Nikavimba kwa fahari.

Alipojifungua, alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilikaa kwa hamu nisikie Bibi akishukuriwa.

"Kuna bibi humu ndani alinishawishi ninywe mizizi," alisema, mtoto kifuani. "Nikamkatalia kwa jina la Yesu!"

Vigelegele. Nyuma yetu mama mmoja akasema, "Haa! Kumbe mganga tunasali naye!" Watu wakageuka kumtazama Bibi, maana wote walimjua kwa mizizi yake. Niliinuka niseme ninachokijua; Bibi akanivuta gauni. "Kaa, mama. Ya mgonjwa hayasemwi."

Wazee wa kanisa wakamzuia Meza ya Bwana mpaka atubu. Hakuona cha kutubu, wala hakumtaja mtu. Siku za Meza alibaki kwenye benchi, mikono mapajani, na Mwalimu Raheli akapita mbele yetu kwenda kupokea mkate, macho sakafuni. Bibi alifariki akiwa bado amezuiwa.

Utotoni nilidhani mwalimu wangu alituchukia. Nimezeeka ndipo nikaelewa kwamba alituogopa, kwa kuwa sisi wawili ndio tuliojua. Na kwamba neno moja la Bibi lingemrudisha yeye mwenyewe mezani, lakini yule mama mkwe naye angepata sababu aliyokuwa akiitafuta. Namshukuru Mungu kwa kulelewa na mtu wa namna ile.

Mwalimu Raheli nimemsamehe. Ila kila ninapopokea mkate, hunibidi nimsamehe tena.